Mgeni Asiyepewa Jembe

Gari la mama wa wakimbizi lilipofika kijijini, Bi Somoe alikuwa anachuja tui la kisamvu cha mgeni wake. Cha kwake mwenyewe alikuwa amekwisha kukiepua bila nazi. Nazi ilikuwa moja, na palipo na mwenye mimba nazi ina mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya tangu Ramadhani, wala hakuliona kuwa jambo la kusimuliwa.

Mgeni huyo aliitwa Yustina. Alikuja mwaka uliofuata kuanza kwa vita ng'ambo ya Ruvuma, mvua zikiwa zimeshika na mto umejaa hadi kwenye mashamba ya mpunga. Watu walivuka kwa mitumbwi, wengine na kuku mkononi, wengine hawana hata kitambaa cha kichwa. Kijiji chenyewe kiko juu ya bonde, pale mto unapoanza kulegea na kuonja chumvi ya bahari, na kila nyumba ilichukua watu kadiri ya uwezo wake. Bi Somoe, mjane aliyeishi peke yake, alimchukua binti huyu: chale za mashavuni, rozari shingoni, mimba changa. Mumewe alitolewa shambani na askari wa Mreno, wakaenda naye nyuma ya miti, ikasikika bunduki. Yustina alilieleza hilo mara moja, tena kwa maneno machache, na Bi Somoe hakumuuliza tena.

Kimakonde chao kilipishana kidogo, kama ndugu wawili waliolelewa nyumba mbalimbali, lakini walisikilizana. Bi Somoe alimpa kitanda cha kamba, yeye akatandika mkeka sakafuni. Akampigia msumari ukutani wa kutundikia rozari yake. Ramadhani nzima, naye kinywa kikavu, alimpikia uji wa mtama wa mchana na kukaa naye hadi amalize. Binti akishika mtwangio, Bi Somoe aliupokea mkononi mwake taratibu. "Acha, mwanangu. Pumzika." Akitafuta ndoo aende kisimani, alikuta bibi ameshakwenda na kurudi.

"Unamfuga kama kuku wa Idi," jirani yake Hadija alimwambia siku moja, akipita na mzigo wa kuni. "Na Idi zote mbili zimepita, shoga yangu. Sasa unamnonesha wa nini?"

"Wa kuja kukudonoa wewe."

"Anidonoe nina nini mimi, zaidi ya mifupa?" Wakacheka. Yustina, aliyekaa kibarazani mikono mitupu, hakucheka.

Mama wa wakimbizi alikuwa Mzungu mrefu, mkimya, aliyetoka mjini Mtwara na kuzunguka vijiji vyote vya mpakani. Watu walimpa jina hilo kwa sababu ndiyo kazi iliyomleta. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, hivyo alitembea na Mwalimu Erasto, kijana wa Songea aliyefundisha shule ya pale. Walipofika kwenye mkeka wa Bi Somoe, yule mama aliinama akavua viatu, akavipanga pembeni. Bi Somoe aliliona hilo, akamwekea alama ya wema moyoni.

"Shikamoo, Bi Somoe," alisema Mwalimu Erasto.

"Marahaba, Mwalimu. Karibuni. Mwambie mama nyumba ni yake."

Mwalimu alieleza waliyojia. Ndege za Mreno zilikuwa zikipita juu ya mto, na bomu halisomi mpaka. Serikali ilitaka waliovuka wasogezwe bara, kwenye makazi yaliyotengenezwa kwa ajili yao, mwendo wa siku mbili kwa lori. Lori litakuja Alhamisi. Lakini aliyepata mwenyeji wa kumshika na kumdhamini, akapenda mwenyewe kubaki, angeachwa. Ndiyo maana mama alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, akiuliza kila mmoja.

Bi Somoe alishusha pumzi. Kwake hilo lilikuwa limekwisha. Nani kijijini alimshika mtu kama alivyofanya yeye?

Mama akamgeukia Yustina, akasema jambo kwa sauti ya chini. Mwalimu Erasto akafungua kinywa, akakifunga.

"Anauliza, wewe hapa ni mgeni," alisema, "au ni mgeni." Kisha akacheka peke yake, akajikuna shingo. "Wenzetu wana maneno mengi. Basi, niseme hivi: wewe ni mgeni hapa kwa Bi Somoe?"

Yustina aliinua macho. Hakumtazama mwalimu wala Mzungu. Alitazama ukuta, msumari wa rozari yake, na pembeni yake msumari mwingine uliotundikwa jembe la zamani, mpini wake mweusi kwa mikono ya mtu.

"Ndiyo," alisema. "Mimi ni mgeni."

"Unapenda kukaa hapa, au utakwenda na wenzako?"

"Nitapanda lori."

Tui lilikuwa limeanza kukatika kwenye bakuli. Bi Somoe aliliangalia lilivyojitenga, maji huku na mafuta kule, akasubiri binti aseme neno jingine. Mama wa wakimbizi alikaa kidogo, akawatazama wote wawili, halafu akavaa viatu vyake.

Wakala adhuhuri ile. Bi Somoe alimpakulia Yustina kwanza, kama kawaida, kisamvu chake chenye nazi. Yustina alishukuru. Siku zote alishukuru. Hapo ndipo Bi Somoe aliposikia, kwa mara ya kwanza, kwamba shukrani hiyo ilikuwa na adabu nyingi mno, kama ya mtu anayepokea chenji dukani.

Shule ilipofungwa jioni, Mwalimu Erasto alirudi peke yake, kwa miguu. Alimkuta Bi Somoe nyuma ya nyumba akipepeta mtama. Yustina alikuwa ameketi kibarazani mbele, anafunga vitu vyake kwenye khanga.

"Bi Somoe, nimekosa raha," alisema. "Mama aliuliza maneno mawili, nikayapitisha kwenye mlango mmoja."

"Maneno gani?"

"Kwa Kiingereza liko neno 'guest'. Huyo ni mtu uliyempokea. Umemtandikia, umempa maji ya kunawa, ukisikia hatua zake unafurahi. Na liko 'stranger'. Huyo naye sisi tungemwita mgeni, lakini ni mtu ambaye hakuna anayemjua. Anaweza kulala ndani ya nyumba, akala, na bado hakuna anayemjua. Kwao hayo ni maneno mawili, hayakai sahani moja."

"Na mwenye kuja akaondoka kesho yake?"

"Huyo wanamwita 'visitor'. Ana neno lake."

"Wana nafasi watu hawa," alisema Bi Somoe. "Kila mmoja na kigoda chake." Akapepeta kidogo. "Basi mwambie mama kwamba huyu ni lile la kwanza. La mtu uliyempokea."

Mwalimu Erasto alichora ardhi kwa ncha ya kiatu. Alikuwa kijana wa adabu, na maneno aliyobeba yalimlemea. "Nilimwambia hivyo garini. Nikamwambia, Bi Somoe amempa hata kitanda chake. Akanijibu kwamba hakijui Kiswahili, lakini sauti anaijua. Alisema: 'Yule binti hakusema guest. Amesema stranger.'"

Ungo ulitulia mikononi mwa Bi Somoe. Mtama ukabaki pale katikati.

"Mtu niliyempa kitanda changu," alisema.

"Sijui, Bi Somoe. Mimi si mtu wa hapa, na mambo ya nyumba siyajui. Nimeona niyalete tu, maana nikiyaacha lori litakuja." Akaaga. Alipofika njiani alirudi tena, akaunyanyua mtungi wa maji uliokuwa jikoni, akampandishia juu ya mafiga ya kando, kazi ambayo mikono ya mzee isingeiweza bila kuumia. Kisha akaenda zake.

Bi Somoe alikwenda kwa Hadija. Watu wenye umri wao hawaendi kwa jirani kuomba shauri. Huenda kuomba moto, na shauri likaja lenyewe. Hadija alikuwa anamenya muhogo.

"Anaondoka Alhamisi," alisema Bi Somoe.

"Nimesikia. Kijiji kizima kimesikia."

"Nilimkosea nini, Hadija? Nieleze wewe mwenye ulimi."

Hadija alimaliza kwanza muhogo aliokuwa nao mkononi. Halafu akasema, si kwa utani: "Mwezi wa ngapi huu yuko kwako? Na umempa jembe?"

"Ana mimba."

"Mimi nililima na mimba. Wewe ulilima na mimba. Mama yako alikuzaa wewe na udongo bado uko kuchani. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe, Somoe, na asiyepewa anajua ameambiwa nini. Wenzake wote waliovuka naye wana makonde yao hapa, wamepanda, wamepalilia. Hata yule mzee Kasiani, mwenye mguu mmoja na kigongo, Bakari alimpa jembe siku ya tatu, analima amekaa. Wako peke yake ndiye anayekaa kibarazani kama mtu anayesubiri kuitwa jina."

"Nilitaka apumzike."

"Najua."

"Nilimwonea huruma."

"Najua. Lakini yeye angejuaje?" Hadija akaweka kisu chini. Sauti yake ikashuka. "Kwani ulimwambia habari za Rehema?"

Jina hilo halikutamkwa sana pale kijijini, kwa kumhurumia. Rehema alikuwa binti yake wa pekee. Uchungu ulimshika shambani, msimu wa kupalilia, mbali na watu, akiwa na jembe lile lile lenye mpini mweusi. Walipomkuta jua lilikuwa limekwisha kupanda sana. Hakupona yeye, wala mtoto. Bi Somoe mwenyewe ndiye aliyemwambia asubuhi ile, "Malizia ule mstari wa mwisho, mwanangu, mvua inakuja." Jembe alilirudisha nyumbani akalitundika, na tangu hapo halikushuka. Mihogo yake aliilima kwa jembe la kuazima.

"Nipe moto," alisema. Hadija akampa kaa la moto kwenye kifuu, akamsindikiza hadi njiani, jambo ambalo si kawaida kwa mtu anayekaa nyumba ya pili.

Jumatano, baada ya swala ya magharibi, Bi Somoe aliketi sakafuni mbele ya kitanda cha kamba. Furushi la Yustina lilikuwa mlangoni, limefungwa mafundo mawili. Binti alitaka kushuka ili asikae juu kumpita mzee, na Bi Somoe, kwa mazoea, akanyoosha mkono kumzuia. Kisha akaurudisha mkono.

Yustina akashuka. Wakaketi pamoja kwenye mkeka.

"Nieleze," alisema Bi Somoe. "Sitakasirika."

Yustina alilitazama furushi lake. "Umenilisha vizuri, Bibi. Sina la kusema juu yako mbele ya Mungu."

"Hilo la mbele ya Mungu liache. Niambie la hapa."

"Nikishika mtwangio unaupokea. Nikishika ndoo, umeshakwenda. Nilidhani labda mkono wangu unanuka kwako, kwa sababu mimi ni Mkristo, au kwa sababu ni wa ng'ambo. Nikasema, nitavumilia, siku ya tatu atanipa jembe. Ikapita. Nikahesabu, nikachoka kuhesabu." Aliongea polepole, akiyatafuta maneno ambayo bibi angeyaelewa. "Kwetu, mtu asiyepewa jembe ameonyeshwa njia. Hafukuzwi. Anaachwa aone mwenyewe. Nami nina tumbo hili, nilikuwa sina pa kwenda, nikajifanya sioni. Sasa lori linakuja. Nimeona."

Bi Somoe alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amelala miezi yote karibu na mtu huyu, amesikia pumzi zake, amejua upande anaopenda kulalia, na hakujua kwamba kila alfajiri mtu huyo aliamka akitazama ukuta.

"Jembe hilo lina mwenyewe," alisema. Akamweleza habari za Rehema, kuanzia asubuhi hadi jua lilipopanda. Hakuruka kitu. Hata lile neno la mstari wa mwisho alilitamka.

Yustina hakusema pole. Alisogea, akamwekea bibi mkono mgongoni, na mkono huo ulikuwa na uzito. Bi Somoe hakumwambia apumzike.

Alitazama jembe. Alitaka kuinuka alishushe palepale, maneno yaishe. Hakuthubutu. Usiku ukaingia likiwa bado juu, na furushi likiwa bado mlangoni, na kila mmoja akalala mahali pake pa siku zote.

Alfajiri ya Alhamisi, alipomaliza kuswali, Bi Somoe aliunyoosha mkono kabla hajaukunja mkeka wa swala, asije akajishauri tena. Alilitoa jembe kwenye msumari. Lilikuwa na utando wa buibui na kutu pembeni. Alilifuta kwa ncha ya khanga yake, akaugonga mpini chini ili ukaze. Sauti hiyo ilimwamsha Yustina, au labda alikuwa macho.

"Kuna magugu kwenye mihogo ya upande wa mikorosho," alisema Bi Somoe. "Yamezidi. Peke yangu siyawezi."

Yustina aliinuka kitandani kwa mikono miwili, tumbo mbele. Alilitazama jembe, akamtazama bibi usoni, akakaa hivyo kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kukanyaga. Nje, mbali kwenye barabara ya mchanga, lilianza kusikika lori likihangaika na gia. Watu walikuwa wanatoka majumbani na mizigo yao.

Yustina alilishika jembe. Akalipima mkononi, akaugeuza mpini hadi mkono ukapata pale palipolika. Akapita mlangoni, akaliruka furushi lake, akashika njia ya mikorosho.

Lori lilisimama karibu na msikiti. Walipanda watu wa nyumba nyingi, akina mama na watoto, na mzee Kasiani, ambaye binti yake alikuwa amesikika yuko makazi ya bara. Alikuwa amepakata jembe lake pamoja na kigongo. Bakari aliyempokea alimnyanyua mwenyewe kama anavyonyanyuliwa mtoto, akaibandua mikono ya mzee shingoni mwake, akaondoka haraka bila kugeuka.

Mwalimu Erasto alikuja na mama wa wakimbizi hadi kwa Bi Somoe. Waliona furushi mlangoni. Mama akalinyooshea mkono, tayari kulibeba yeye mwenyewe.

"Yuko wapi, Bi Somoe?" aliuliza mwalimu. "Lori linamngoja."

"Yuko shambani."

Mwalimu Erasto hakutafsiri mara moja. Alitazama ukuta, akaona msumari wa jembe mtupu, akaelewa, kwani hakuwa mtu wa hapa lakini alikuwa Mmatengo, mtoto wa wakulima. Akamgeukia mama, akaongea. Mama akauliza kitu.

"Anasema amefurahi. Sasa awaambie wenzake ofisini kwamba ni 'guest' wako? Lile la kwanza?"

"Hapana," alisema Bi Somoe.

"Hapana?"

"Mgeni hayuko shambani saa hizi, Mwalimu. Hilo neno zuri, mwambie nimelipenda, lakini nimekaa nalo nyumbani muda mrefu, nalo lilitaka kunipotezea mtu. Atafute jingine."

Walisemezana kwa muda kwa Kiingereza chao. Bi Somoe alisubiri. Aliona mama akihesabu maneno kwa vidole, na mwalimu akitikisa kichwa, kisha mama akitikisa chake.

"Tumeyapitia," alisema Mwalimu Erasto mwishowe. "Liko moja, linataka damu. Liko jingine, linataka aliyezaliwa hapa. Mama anasema hana neno linalomtosha. Atawaambia kama ulivyosema wewe, kwamba alimkuta yuko shambani."

"Hilo linatosha."

Mama wa wakimbizi aliliweka furushi palepale alipolikuta, hata akalisogeza kidogo lisilowe kwa umande wa paa. Kisha akapita nyuma ya nyumba hadi mwanzo wa mihogo. Yustina alimwona, akapangusa mkono kwenye khanga, akampa. Hawakuwa na lugha. Walishikana tu mikono, udongo ukabaki kwenye kiganja cha Mzungu, naye hakuupangusa hadi alipofika garini.

Lori lilipoondoka, vumbi lilikaa juu ya barabara muda mrefu. Bi Somoe alirudi nyumbani kwake. Furushi hakuligusa. Aliyelifunga ndiye wa kulifungua.

Alichota maji kwenye kata, akaenda shambani. Jua lilikuwa limeanza kuchoma. Yustina alikuwa ameshatoa mistari miwili na yuko kwenye wa tatu. Alilima kwa mtindo wa ng'ambo, miguu imetengana sana, akiuburuta udongo kuelekea kwake. Kila mara alisimama, akashika kiuno, akahema, akainama tena.

Bi Somoe alimpa maji. Mikono yake, baada ya kuiachia kata, haikujua pa kukaa. Ilikwenda yenyewe kwenye mpini.

"Lete, huu niumalizie mimi," alisema.

Yustina alikunywa hadi mwisho, akamrudishia kata. Mpini hakuuachia, wala hakuuvuta.

"Kaa, Bibi," alisema. "Kaa hapo kwenye kivuli cha mkorosho, nikuone. Nikiumia nitakuita."

"Utaniita?"

"Nitakuita. Si uko hapa?"

Bi Somoe aliuachia mpini. Alikwenda akaketi chini ya mkorosho, akakunja khanga mapajani, akaishika kwa mikono yote miwili. Hofu yake ilikuwa palepale, haikupungua hata kidogo. Jembe lilipanda na kushuka. Kila liliposhuka moyo wake uliruka, na kila lilipopanda akamshukuru Mungu, na hakuinuka.